Sataranji na biashara ya mtandaoni: someni kabla ya Jumamosi

Assalam aleikum wanakikundi. Jumamosi baada ya Alasiri, inshaallah, tunacheza kwanza, biashara baadaye.

Kosa kubwa la wanaoanza ni kumtoa malkia mapema. Anakwenda mraba wa h5 kuwinda mati (kumnasa mfalme asiwe na pa kukimbilia) ya hatua 4. Mpinzani anasogeza askari g6, malkia anakimbilia f3, farasi anatoka f6 na kuziba njia. Mwenzio keshapanga kete, wewe bado unahamahama.

Tangazo la kulipia ndiye malkia wako. Usilirushe kabla katalogi (orodha ya bidhaa) ya WhatsApp Business haijawa na picha, saizi na bei (ile "njoo inbox" inafukuza watu), majibu ya haraka hayajaandikwa, na wa kupeleka mizigo ya Pemba bandarini hajapatikana. Bila hayo wateja wanauliza, jibu linachelewa, pesa imeshakwenda.

Askari naye harudi nyuma. Bei ukishaishusha kwenye katalogi, kuipandisha ni ugomvi. Punguzo liwekeni Status, linaondoka lenyewe baada ya saa 24.

Mbao za sataranji ni chache, mwenye yake aje nayo. Simu ziwe na chaji.