Sumu haitapunguza njiwa wa Goma

Bwana Mhariri,

Kila kiangazi kikishika, manung'uniko juu ya njiwa huanza upya hapa Goma: mavi kwenye mabati, manyoya kwenye nguo zilizoanikwa, kelele darini kabla hakujakucha. Zamani mwenye njiwa alihesabiwa kuwa mtu mwenye kitu, na mkwe akija ghafla kitoweo hakikukosekana. Leo ndege yule yule anaitwa uchafu, na dawa inayotajwa kwanza ni sumu: mahindi yaliyolowekwa kwenye dawa ya panya au ya wadudu wa shamba, yakamwagwa juu ya paa usiku. Sisi tunaofuga njiwa na kutengeneza mapaa tunaomba jambo hilo liachwe. Si suala la huruma peke yake. Halifanyi kazi.

Njiwa aliyekula sumu mara nyingi hafi pale alipokula. Anaruka, anaangukia kiwanja cha tatu au cha nne, na huko anaokotwa na mbwa, paka, mwewe, au mtoto anayempeleka moja kwa moja jikoni. Sumu nyingi za aina hii moto wa sufuria hauziondoi. Na njiwa waliobaki wanakuta chakula ni kile kile, midomo imepungua, basi wanazaa kwa nguvu zaidi. Mji wa Basel, Uswisi, uliua njiwa karibu 100,000 kati ya mwaka 1961 na 1985, na idadi ikaendelea kuwa 20,000 hivi. Mwaka 1988 wakabadili njia: wakawashawishi wakazi kuacha kuwalisha, wakaweka mabanda ambamo mayai yaliondolewa. Katika miaka kama minne njiwa walipungua kwa nusu.

Njiwa mmoja anahitaji gramu 30 hivi za nafaka kwa siku. Piga hesabu: kilo tatu zikimwagika kuzunguka mashine za kusaga na vibanda vya mtaa wa Birere, njiwa mia moja wameshiba. Na kilo tatu si kitu. Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, inayorukaruka juu ya mawe ya lava ikiwa na magunia matano hufungua mishono ya gunia la chini, na mahindi yanafuata njia nzima. Kinachosaidia ni turubai chini ya mizani na ufagio wa jioni. Tunasisitiza jioni, kwa kuwa ukisubiri kufagia asubuhi, njiwa wamekwisha kula kabla mama wa kwanza hajafungua kibanda.

Hapa tuwaguse na wafugaji wenzetu, maana lawama nyingine ni yetu. Kuna anayefungua banda alfajiri na kuwaacha ndege wakajitafutie sokoni, halafu jirani akilalamika anasema "njiwa wangu hawasumbui". Njiwa alishwe bandani, asubuhi na jioni, kiasi anachomaliza kwa dakika ishirini, pamoja na changarawe ndogo na maganda ya mayai yaliyopondwa. Asiyeweza kulisha njiwa ishirini afuge sita.

Sasa mayai. Jike hutaga mawili, la pili siku mbili hivi baada ya la kwanza, na yanaanguliwa baada ya siku 17 au 18. Vifaranga huondoka kiotani wakiwa na wiki nne hivi, lakini mama mara nyingi ametaga tena kabla hawajaondoka. Kwetu hakuna baridi kali ya kuwasimamisha, kwa hiyo jozi yenye chakula inaweza kutaga mara sita kwa mwaka au zaidi. Wengi huyatupa mayai wakadhani wameshinda. Baada ya wiki moja au mbili kuna mengine, na safari hii kiota kimesogezwa ndani zaidi ya kenchi, mahali mkono haufiki.

Mayai yabadilishwe, yasitupwe. Chonga mti ulionyooka nyuzi, mkaratusi unafaa, urefu sentimita nne na unene tatu, piga msasa mpaka pawe laini, paka rangi nyeupe na uache ikauke kabisa hata harufu iishe. Ondoa mayai yote mawili, weka ya mti mawili. Ukiweka moja tu, jozi nyingine huliacha na kutaga upya. Fanya hivyo siku tatu nne za kwanza baada ya kutagwa; baadaye mulika yai kwa tochi ya simu, na ukiona mishipa myekundu ujue kifaranga ameanza. Wazazi watalalia mti zaidi ya wiki mbili, watachoka, wataondoka. Yai la kuchemsha nalo hufanya kazi, ila likipasuka linanuka nyumba nzima.

Kuhusu paa, njiwa hupenda mwanya kati ya ukuta wa mbao na mabati, na tundu chini ya kofia ya paa. Wavu wa kuku unatosha, tundu lake lisizidi sentimita tano, upigiliwe pande zote. Upande mmoja ukilegea, ndege ataingia na kushindwa kutoka. Pale wanapotua tu, kwenye boriti au juu ya dirisha, pigilia ubao ulioinama nyuzi 45 au zaidi. Mguu wa njiwa hauwezi kushika mteremko huo.

Jambo linalotutia wasiwasi kweli ni maji, kwa sababu nyumba nyingi za Goma zinakunywa maji ya mvua yanayotoka kwenye paa lao. Mavi ya njiwa yanaweza kubeba vijidudu vya salmonela na vingine vya kuharisha. Kuanzia Juni hadi Agosti yanakauka na kulundikana pamoja na vumbi na majivu, na mvua ya kwanza ya Septemba inavisukuma vyote kwenye tanki kwa mkupuo mmoja. Hesabu ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 6 kwa 7 hutoa lita 42 kwa milimita ya kwanza, yaani bidoni mbili za lita 20 na kidogo, na hayo yasiingie tankini. Mvua ya kwanza kabisa baada ya kiangazi imwagwe yote.

Njia ya bei ndogo ni kiwiko cha bomba kinachogeuzwa kwa mkono. Ubaya wake ni mvua ya usiku, watu wamelala. Njia bora ni kuweka kiungo cha T kabla ya tanki, kikielekeza maji ya kwanza kwenye pipa lililofunikwa vizuri. Likijaa, yanayofuata ndiyo yanapita kwenda tankini. Bomba la milimita 110 peke yake, bila pipa, halitoshi, maana kila mita yake hubeba lita nane na nusu hivi. Chini ya pipa toboa tundu la milimita tatu lijimwage lenyewe taratibu. Tundu hilo ndilo huharibu kazi: jani moja au tope la majivu likiliziba, pipa linabaki limejaa, na mvua ifuatayo inapeleka uchafu wote tankini bila wewe kujua. Lizibue kila baada ya mvua. Ya kunywa yachemshwe hata hivyo.

Kuhusu kutu, tuwe wakweli. Mavi yakikaa kwenye msumari au kwenye maungio yanakula zinki, ndiyo. Lakini bati lililoota kutu sawasawa kila upande, hapo ni moshi wa volkeno ya Nyiragongo ulioingia kwenye mvua, na njiwa anasingiziwa.

Anayesafisha dari au banda asifagie makavu. Vumbi la mavi hubeba kuvu (ukungu) unaoweza kufika mapafuni na hata kwenye utando wa ubongo, hasa kwa wenye kinga dhaifu. Nyunyiza kwanza maji yenye javeli (dawa ya klorini) kidogo, funga pua na mdomo, kwangua yakiwa mabichi. Mavi yaliyotoka bandani, yale yasiyoguswa na javeli, yachanganywe na majani na kuachwa yaoze miezi miwili mitatu. Ukiyaweka mabichi kwenye magunia yaliyopandwa mboga za sombe na lengalenga, yanaunguza mizizi.

Anayetaka kuziba paa lake azibe Julai au Agosti, mabati yakiwa makavu na fundi hana mvua ya kukimbia. Kabla ya msumari wa kwanza, ingiza tochi darini na uangalie kila kona. Vifaranga wakifungiwa ndani watakufa, na funza wataanza kudondoka kitandani.

Wafugaji wa njiwa na mafundi wa mapaa,
Goma