Baba, mruhusu mdogo wangu akasome

Oslo, Norway

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii itawakuta wazima hapo Tanga. Mimi sijambo. Hili nimeona niliandike, maana kwenye simu tunakatizana.

Naomba umruhusu mdogo wangu aende chuo cha ufundi cha VETA akasome umeme wa magari.

Huku mwaka 2024 karibu asilimia 89 ya magari mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme. Hayana oili ya injini, hayana plagi za injini wala klachi. Mafundi wa rika lako wamerudi darasani, nami pamoja nao. Tulianza kwa kufundishwa tusife. Nyaya za rangi ya chungwa zinapitisha volti kama 400. Unakata umeme wa betri kubwa, unasubiri dakika kama 10 uliobaki uishe, unapima kwa mita umevaa glavu maalumu, ndipo unashika. Na masomo hayaishi, kila toleo jipya la gari linaturudisha darasani.

Usiseme hayo ni ya Ulaya, Baba. Prius na Aqua zinazoshushwa bandarini Dar ni haibridi, yaani zinatumia petroli pamoja na umeme, na betri ya Prius peke yake ina volti 200 na ushei. Mdogo wangu ananiambia zikija hapo gereji kwako mnawaambia wenyewe wazipeleke Dar. Inaniuma, kwa sababu mara nyingine ugonjwa wenyewe ni feni ya kupooza betri, ile iliyo karibu na kiti cha nyuma, imeziba vumbi. Betri inachemka, inakufa kabla ya wakati wake. Fundi anayejua anaisafisha mapema. Asiyejua anamwambia mteja anunue betri nyingine. Kazi hiyo ingebaki kwako.

Ulichonifundisha bado kinanilisha. Gari la umeme ni zito, linakula tairi, na bushi zinalika vilevile. Sikio ulilonifundisha kulitega chini ya gari ndilo ninalofanyia kazi hadi leo. Yeye analo pia, nimemwona akikusaidia. Amebakiza huo umeme tu.

Ada nitalipa mimi, na siku za masomo muite yule kijana wa jirani akushikie spana. Mita na glavu za volti 1000 nitampa mtu anayekuja huko. Uzifungie kabatini mpaka afundishwe kuzitumia.

Nijibu mapema nitume hela ya fomu. Mama mpe shikamoo yangu.

Mwanao