Barua ya wazi kwa vijana mnaokwenda kujitolea kulea watoto ugenini

Wanangu,

Nimesikia mko 11, tiketi mmeshakata, na kituo mnachokwenda kinalea watoto wa miezi 6 hadi miaka 4, wanaoletwa asubuhi na kuchukuliwa jioni. Nimelea watoto wa watu kwa miaka 28, na katika 13 ya mwisho nilikuwa msimamizi wa kituo kilichopokea vijana kama ninyi kutoka nchi za mbali. Kwa hiyo nawaandikia nikiwa upande wa ndani wa mlango mtakaoupigia hodi.

Wengi wenu, naambiwa, mnaogopa watoto wasije wakawakataa. Ondoeni hofu. Watawapenda, tena upesi kuliko mnavyodhani. Mimi hofu yangu iko hapo hapo.

Kuna mwaka tulimpokea binti mmoja kwa wiki 3. Ana sauti nzuri, hachoki, hana kinyaa. Tulikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne aliyekuwa akilia kila asubuhi mama yake akiondoka. Mlezi wake alikuwa ametumia miezi miwili kumzoesha, na ndiyo kwanza alikuwa ameanza kunyamaza akipakatwa naye. Yule binti akampenda. Tangu asubuhi hadi jioni yuko naye mgongoni au kiunoni, na mlezi, kwa adabu ya kumheshimu mgeni, akamwachia. Ijumaa ya wiki ya tatu binti akaaga kwa machozi na picha nyingi. Jumatatu mtoto akaingia, akaenda moja kwa moja hadi kwenye ndoano ambako binti alizoea kutundika mkoba wake wa njano, akasimama anaitazama. Mlezi aliponyoosha mikono, akaipiga. Ilituchukua wiki 5 kumrudisha pale alipokuwa kabla mgeni hajaja.

Baadaye binti alituandikia barua nzuri sana, kwamba safari ile imembadilishia maisha. Sikuwahi kumjibu. Si kwamba nilimchukia. Kosa lilikuwa langu: msimamizi ni mimi, niliona, nikanyamaza.

Mambo haya hayakuanza kujulikana jana. Mwaka 1951 daktari Mwingereza, John Bowlby, aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti juu ya watoto waliotengana na mama zao. Miaka michache baadaye, 1954 na 1955, mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuwa Uganda, akizitembelea familia majumbani kuwatazama watoto wachanga na mama zao. Alichokiona kila mzazi anakijua ingawa hajakipa jina: mtoto aliyejua kutambaa hujitenga kidogo, husimama, hugeuka kumtafuta mama kwa macho, na akimwona huendelea na safari yake. Mama ndiye bandari. Katika kituo, kuanzia asubuhi hadi jioni, bandari hiyo ni mlezi, na huwa haijengwi kwa siku moja. Kilio cha kuachwa huanza karibu na miezi 8, na huwa kikali zaidi kati ya miezi 10 na 18. Yaani hao hao wanono mtakaotamani kuwabeba kuliko wote.

Kwa hiyo mlezi wao mtamkuta. Msimpokonye nafasi yake.

Sasa mtauliza, kama hatubebi watoto, tunakwenda kufanya nini? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe lenu lipo. Kijana bora kuliko wote niliowahi kuwapokea hakujua wimbo hata mmoja wa watoto. Siku nzima ya kwanza alikaa sakafuni kwenye kona, anatazama tu, nami nikajisemea huyu naye tumepata mzigo. Siku ya pili akaniambia, kwa lugha ya kuokoteza, kwamba bawaba za mlango wa chumba cha kulala zinalia. Kila mlezi akiingia mtoto mmoja anashtuka, na huyo mmoja anawaamsha wengine. Mlango ule nilikuwa nimeupita miaka 9 bila kuusikia. Akazitia mafuta. Mchana ule watoto walilala saa mbili nzima, na walezi wote wanne wakaketi kwa wakati mmoja, kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiona. Jioni, mlezi mmoja ambaye kwa kawaida akifika alasiri ameshanuna, nilimkuta amelala chali mkekani, watoto wawili juu ya tumbo, anacheka hadi machozi.

Hiyo ndiyo kazi. Kule England sheria inadai mlezi mmoja kwa watoto 3 walio chini ya miaka 2, na hata hapo mlezi anamaliza siku mgongo unauma. Ninyi huenda mkamkuta mmoja ana 8. Huyo hahitaji mtu mwingine wa kupendwa na watoto wake. Anahitaji midoli ioshwe, shuka zikunjwe, ndoo ya nepi imwagwe kabla haijajaa, na mtu wa kushika mlango wazazi wanapofika wote kwa mpigo. Mkimpunguzia hayo, mikono yake inabaki huru kwa mtoto, na mtoto anapata kutoka kwake kile mlichotaka kumpa ninyi.

Sisemi msicheze nao. Kaeni chini, sakafuni, na msubiri. Mtoto atakuja mwenyewe, atakuwekea kijiko mkononi, atakichukua, atakirudisha. Rudisheni nanyi, hata mara 40. Akianguka na mlezi yuko karibu, mwacheni mlezi amwinue. Kama hayuko karibu, mwinueni ninyi, mmpeleke kwake. Na msimnyanyue mtoto kutoka nyuma kama mzigo. Emmi Pikler, daktari aliyefungua makao ya watoto kule Budapest mwaka 1946, aliwafundisha walezi wake kumwambia mtoto kabla ya kumgusa: sasa nakuinua, sasa navua soksi. Jifunzeni kuyasema hayo kwa lugha ya huko kabla hamjasafiri. Ongezeni maji, choo, pole, inauma wapi, na mama atarudi. Hilo la mwisho mtalitumia kuliko yote.

Ya mwili ni machache. Nawa mikono kwa sabuni, sekunde 20, kila baada ya nepi na kila baada ya kamasi. Mtoto mchanga alale chali, bila mto wala mdoli kitandani. Hereni na shanga acheni mlikolala, maana kinachong'oka sikioni mwako huishia kooni mwa mtoto. Nepi mbadilishe mkionekana, mlango ukiwa wazi. Mnalindwa ninyi pia.

Kuhusu karatasi, chanjo ya surua mhakikishe mnayo, na mwulize kama viza ya utalii inaruhusu kujitolea, kwa kuwa nchi nyingi hairuhusu. Kikubwa zaidi ni hati ya tabia njema ya polisi. Kama kituo hakikuwaomba, msishukuru kwamba mmepunguziwa usumbufu. Jiulizeni ni nani mwingine aliyeingia humo bila kuombwa. Na kama wakala aliyewatoza pesa atawabadilishia njiani awapeleke kwenye kituo cha yatima, kataeni. Watoto wengi wanaoishi katika vituo vya namna hiyo duniani wana mzazi aliye hai, na pengine wamewekwa pale kwa sababu wageni wanalipa kuja kuwaona. Australia ililitazama jambo hili kama utumwa mamboleo ilipotunga sheria yake ya mwaka 2018.

Picha. Najua mtapiga. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unampa mtoto haki ya faragha yake, na mtoto aliyekaa kwenye poti ana faragha kama nyinyi. Pigeni mikono yenu ikikunja shuka, mkawaonyeshe mama zenu, watashangaa.

Siku ya kuondoka msitoroke wakati wa usingizi ili kukwepa kilio. Wiki moja kabla, anzeni kurudi nyuma: mlezi afanye, ninyi mtazame. Siku yenyewe mwambieni mtoto kwa maneno mafupi, akiwa amepakatwa na mlezi wake, kwamba leo naondoka, bibi huyu anabaki na wewe. Msiseme nitarudi kama hamrudi. Akilia, alilie pale pale mapajani, palipo salama. Mkiona hakulia, na hata hakugeuka kuwatazama mkitoka, msiumie. Mlifanya vizuri.

Mafuta ya bawaba mtayapata huko huko. Bisibisi chukueni, lakini iwekeni kwenye begi kubwa. Ya mkononi watawanyang'anya uwanja wa ndege.

Ni mimi bibi yenu, mlezi mstaafu.