YAH: MASHINE ZA KUSOMEA TIKETI NA ABIRIA WASIOHESABIWA

Meneja, Huduma kwa Abiria,
Mwanza.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mfanyabiashara wa machungwa, nasafiri na meli yenu mara kwa mara kati ya Mwanza na Nansio.

Tangu muanze kuuza tiketi kwa simu, getini ni vurugu. Mnatutumia tiketi yenye mistari, mhudumu anaimulika kwa ile mashine ya mwanga mwekundu, haisomi. Tunaambiwa tuongeze mwanga wa simu, tufute kioo. Haisomi. Mwisho tunaelekezwa steshenari tukaprinti kwa hela yetu, na nauli tumeshalipa!

Simu zetu hazina kosa. Mashine ya leza inategemea mwanga unaorudi kutoka kwenye karatasi: mistari myeusi inaumeza, nafasi nyeupe zinaurudisha. Kioo cha simu hakiurudishi hivyo, ndiyo maana inashindwa. Mashine za kamera husoma karatasi na simu pia. Aliyewauzia hizi alipaswa kuwaambia.

Kinachoniuma zaidi ni kinachofuata foleni ikirefuka. Muda wa kuondoka ukikaribia, mhudumu anashusha mashine na kusema "piteni, piteni." Tunaingia kundi zima, akina mama na watoto wao, hakuna aliyesomwa wala kuandikwa jina. Sasa nahodha anaambiwa amebeba watu wangapi?

Mnajua kwa nini nauliza. Mei 1996 ilizama MV Bukoba. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101, na waliokufa walizidi 200. Mkata tiketi naye alifariki, kifaa chake kikapotea, ikawa vigumu kujua walipanda wangapi. Watu walikuwa wakitafuta ndugu zao na hakuna orodha ya kuwaonyesha. Mimi nikipanda meli yenu nataka jina langu libaki nchi kavu, ofisini kwenu, kabla kamba haijafunguliwa.

Kwa hiyo naomba mbadilishe mashine hizo. Mkitumia msimbo wa mraba, ule wa QR, itakuwa bora zaidi, kwa sababu ukitengenezwa kwa kiwango cha juu cha urekebishaji wa makosa husomeka hata ukiharibika kwa takriban asilimia 30, na tiketi zetu zinalowa na kukunjika sana. Hadi hapo, mashine ikigoma, mhudumu aandike kila abiria kwa kalamu, watoto wa mgongoni wakiwemo, na meli isubiri. Tutavumilia kuchelewa. Hela tulizotoa steshenari mturudishie.

Naomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 14.

Wako,
Abiria wa Kirumba, Mwanza.

Nakala: TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania)