Kaunti za mashambani Marekani hazifanani, angalieni Finney

Kwa Mhariri,

Ile makala yenu ya Marekani ya mashambani nimeisoma yote hadi mwisho na shida yangu ni moja tu, mmeandika ni kama kaunti zote za ndani huko ni kitu kimoja, wazee wamebaki, vijana wameenda, maduka yamefungwa, halafu mkaweka ramani ya kura imejaa nyekundu ya chama cha Republican mkamalizia hapo. Mimi nakaa Wichita, Kansas, na kazi ya lori hunipeleka magharibi ya hili jimbo mara kwa mara. Kansas iko na kaunti 105 na ni kweli ziko zile zimebaki na watu wa kuhesabika, kama Greeley, sensa ya 2020 haikufikisha hata watu 1,300 kaunti nzima. Lakini shuka kidogo kusini mashariki uingie Finney, kwenye mji wa Garden City, sensa hiyo hiyo ilihesabu 38,470 kaunti nzima. Na mwaka wa 1980 walikuwa 23,825. Sasa hiyo mtasema inakufa aje?

Kwanza niseme, manake wasomaji wa Kenya wakisikia kaunti wanawaza gavana na MCA, huku si hivyo. Ni makamishna wachache wa kuchaguliwa, sherifu, korti, barabara na kodi ya ardhi, basi. Zamani ilikuwa rahisi kuanzisha moja na rahisi kuipoteza. Hata Finney yenyewe iliitwa Sequoyah hadi 1883 ndio ikapewa jina la naibu gavana wa wakati huo. Kando yake kulikuwa na kaunti nyingine, Garfield, na humo miji miwili, Ravanna na Eminence, ikapigania makao makuu hadi kortini, wakapima ardhi na kushtakiana, kumbe ardhi yote ya kaunti ilikuwa haifikishi zile maili mraba 432 ambazo sheria ya Kansas ilitaka. Kaunti ikafutwa, mwaka wa 1893 ardhi ikaunganishwa na Finney, na ndio sababu ukiangalia ramani leo Finney ina umbo la ajabu, kuna kipande kimetokeza kule juu mashariki. Hiyo miji miwili yote imekufa, waliokuwa wakigombania wameacha mawe tu. Hapo mngeandika "mashambani inakufa" ningewaunga mkono.

Lakini kitu nataka muelewe ni kwamba pale idadi ya watu haifuati siasa, inafuata maji na kazi. Garden City ilianza 1878, kwenye nyanda ambazo kabla ya hapo zilikuwa za wenyeji wa asili, kina Cheyenne, Kiowa na Comanche, na nyati wao, reli ya Santa Fe ikiwa tayari imepita. Mvua ya pale ni kama milimita 480 kwa mwaka, na si kila mwaka inafika, kwa hivyo mapema sana wakachimba mifereji kutoka Mto Arkansas, halafu 1906 kikaja kiwanda cha sukari ya biti na vibarua wa Mexico wakaja na biti na reli. Kwa hivyo Wameksiko pale si wageni wa juzi kama wengine wanavyodhani, kuna familia zimekaa kuliko hao wanaowaambia warudi kwao. Ukame na dhoruba za vumbi za miaka ya 1930 zikawapiga vibaya. Halafu mto nao ukaisha, manake Colorado wako juu na wao pia wanataka maji, Kansas ikawashtaki hadi Mahakama ya Juu, uamuzi mmoja 1907, mkataba ukawekwa 1949, kesi ingine ikafunguliwa 1985 na Kansas ikashinda 1995 kwa ile hoja kwamba visima vya Colorado vinavuta maji ya mto. Wameshinda lakini ukipita kwenye daraja pale Garden City mara nyingi chini ni mchanga mtupu, matairi ya pikipiki yamechora.

Sasa kama mto umekauka hao watu elfu thelathini na nane wanaishi na nini? Maji ya chini. Kuna tabaka la maji linaitwa Ogallala, limelala chini ya majimbo 8 kutoka South Dakota hadi Texas, na pampu zilipopata nguvu ya kuvuta kutoka chini sana, mashine ndefu za kumwagilia zinazozunguka zikaanza kuchora yale maduara ya kijani unayoyaona ukiwa kwenye ndege. Maduara yakatoa mahindi, mahindi yakaleta mazizi ya kunenepesha ng'ombe, mazizi yakaleta vichinjio. Desemba 1980 kampuni ya IBP ilifungua kiwanda cha nyama karibu na Holcomb, humo humo Finney, wakati huo kilikuwa kati ya vikubwa kabisa duniani, na wenyeji hawakutosha na wengine hawakutaka hiyo kazi ya kisu na baridi. Basi wakaja Wavietnam, wakaja Wameksiko na watu wa Amerika ya Kati, nyumba hazikutosha hadi mtaa mzima wa nyumba za trela ukajengwa mashariki ya mji. Baadaye wakaja Waburma na Wasomali. Leo karibu nusu ya kaunti ni watu wenye asili ya Kilatino.

Na hapa ndio mlinikasirisha kidogo, manake hamkutaja hata mstari mmoja kwamba kuna watu wetu huko. Wengi wa hao Wasomali walipitia Dadaab na Kakuma, Kiswahili wanakijua, nimeshasalimiana nao dukani nikajibiwa kwa lafudhi ya Garissa kabisa. Oktoba 2016 wanaume watatu walikamatwa wakipanga kulipua nyumba za kupanga ambamo familia za hao Wasomali zilikuwa zikikaa na kuswali, mpango wenyewe ulikuwa ufanyike siku moja baada ya uchaguzi. Hakuna hata mmoja wa hao watatu aliyekuwa mkazi wa Garden City. Walifungwa Januari 2019, miaka 25 hadi 30 kila mmoja. Hiyo stori ilikuwa na kila kitu cha gazeti la nyumbani na hamkuigusa, mkaenda kupiga picha ya silo ya nafaka.

Sisemi Finney ni peponi. Kazi ya kichinjio inavunja mikono na mabega, na mji ukitegemea kiwanda uko kwa rehema yake. Krismasi ya 2000 kiwanda cha pili, cha ConAgra, kiliungua, zaidi ya watu 2,000 wakakosa kazi, hakikufunguliwa tena, na sensa inaonyesha wazi: 40,523 mwaka wa 2000, 36,776 mwaka wa 2010. Kile cha Holcomb, ambacho sasa ni cha Tyson, nacho kilishika moto Agosti 2019 lakini kikarudi kabla mwaka kuisha, na watu wakabaki.

Shida kubwa iko chini ya ardhi. Ogallala haijazwi na mvua kwa kasi inayovutwa, sehemu za magharibi ya Kansas visima vimeshakauka na wakulima wamerudi kwenye mtama na ngano ya kungoja mvua. Kila Januari watu wa Kansas Geological Survey, taasisi ya jiolojia ya jimbo, wanazunguka kupima kina cha maji kwenye visima, matokeo yako wazi kwa mtu yeyote. Mkirudia hiyo makala tafadhali ondoeni ile ramani ya kura, wekeni hivyo vipimo kando ya sensa, na mpigie simu mtu wa Garden City kabla ya kuchapisha.

Msomaji wenu,
Wichita, Kansas