Barua kwa Mwanangu Kuhusu Mbuyu wa Kijijini

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Sisi huku Malindi tu wazima, ila nyanyako miguu yamsumbua. Umeniuliza umri wa mbuyu wa katikati ya kijiji, upate kuandika historia yake.

Wazee watakwambia una miaka elfu moja. Hilo usiliandike kama jambo lililothibitishwa, kwa sababu shina la mbuyu mkongwe huwa na pango ndani na pete zake hazisomeki vyema. Wataalamu hupima kaboni iliyomo katika vipande vya mti, na ndivyo walivyojua kuwa mbuyu wa Panke kule Zimbabwe uliishi miaka 2,450 hivi kabla ya kufa. Wetu haujapimwa.

Andika kwanza yale yaliyo kwenye gome. Upande wa kibla, usawa wa kiuno, kuna mkanda mpana uliokunjamana: hapo ndipo wazee wetu walipobandua nyuzi za kusokotea kamba, na mti ukaotesha gome jipya, jambo ambalo miti mingi haiwezi. Juu yake yako matundu ya vigingi vilivyopigiliwa na warina asali, yamepanda kwa safu moja hadi kwenye tanzu la kwanza, na mengine yamezibwa na gome hata kidole hakiingii.

Naandika kwa uzito kwa sababu mwaka 2022 mibuyu ya kaunti yetu ya Kilifi iling'olewa na mizizi yake ili ipelekwe nchi ya Georgia, hadi Rais William Ruto akaagiza uchunguzi. Wenye mashamba waliouza siwalaumu, maana walikuwa na shida, lakini uchungu nilioupata haujaniisha. Mji wa kale wa Gede, papa hapa Kilifi, ulihamwa karne ya 17, na bado mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuuchimbua mwaka 1948 alizikuta kuta na makaburi yake, hata mwaka 2024 UNESCO ikauorodhesha kuwa urithi wa dunia. Mbuyu hauachi gofu. Mti wake ni laini, umejaa maji, na ukianguka huoza upesi ukawa rundo la nyuzi.

Ukija likizo, keti na babu yako asubuhi, kabla hajachoka, umrekodi kwa simu. Kamba zile alizisokota yeye mwenyewe, na anawakumbuka warina asali kwa majina.

Wasalaam,
Mamako