Madesa ya IELTS yanawaangusha vijana wetu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Nina neno kwa wanaowauzia vijana wetu majibu ya kukariri kwa ajili ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS, na nina ombi kwa wenye vyumba na vitabu hapa Mbeya.

Nilifundisha Kiingereza sekondari hadi nilipostaafu. Siku hizi jioni huwapokea nyumbani kwangu, Uyole, watu wanaojiandaa na mtihani huo: wauguzi wanaotaka kwenda kufanya kazi Uingereza, na vijana waliopata nafasi ya shahada ya pili nje. Wengi wao hufika na desa mkononi. Wamelinunua steshenari au wamepewa kwenye tuisheni waliyoilipia: rundo la insha zilizoandikwa na mtu wasiyemjua, na majibu ya mazungumzo yaliyokwisha kupangwa. Wameambiwa washike yote kichwani kwa kuwa maswali ni yale yale.

Si kweli, na wauzaji hawasemi hatari yake. Vigezo vya kusahihisha IELTS viko wazi kwa yeyote anayetaka kuvisoma. Insha ikithibitika kuwa imekaririwa yote, inapata sifuri. Na kwenye mazungumzo, ambayo huchukua dakika 11 hadi 14, mtahini hakubali kuishia kwenye jibu lako la kwanza. Anachimba: kwa nini unaona hivyo, zamani ilikuwaje, itakuwaje baadaye. Hapo desa halina msaada.

Nimeliona hili sebuleni kwangu. Muuguzi mmoja kutoka Rungwe nilimpa kadi ya kueleza sehemu aliyowahi kutembelea, kwa utaratibu wa mtihani wenyewe: dakika moja ya kujiandaa akiwa na karatasi na penseli, kisha aongee hadi dakika mbili. Akaanza na jumba la makumbusho la London, neno kwa neno kama lilivyo kwenye desa. Nikamuuliza alifikaje huko. Akanyamaza. Nikamwambia, "Mwanangu, London iache kwanza. Nieleze soko la Kiwira, mnakouzia ndizi." Akaniuliza, "Mwalimu, hilo nalo linafaa?" Nikamwambia linafaa sana. Alianza kwa kusitasita, nyakati akazikosea hapa na pale, lakini alieleza malori ya Dar es Salaam yanavyopakia, mama yake anavyogombea bei kabla mvua haijashuka, na mikungu inavyopangwa juu ya majani isichubuke. Muda ulipokwisha alikuwa bado ana la kusema. Hicho ndicho Kiingereza ambacho mtahini anaweza kukipa alama, kwa sababu ni cha kwake.

Kusikiliza ndiko kunakowaumiza zaidi. Maswali ni 40 kwa kama nusu saa, na sauti husikika mara moja tu. Wanafunzi wote niliowafundisha walipimwa Kiingereza kwa kalamu. Hakuna aliyewahi kukaa kwenye chumba cha mtihani akasikiliza mtu anaongea. Kwa hiyo wanapoteza alama kwenye vitu vidogo. Msemaji anataja jina la mtaa herufi kwa herufi. Akitamka E, sikio letu linasikia I, na mkono unaandika I. Akitamka A, wapo wanaoandika E. Halafu kuna r na l, ambazo wengi wetu wa nyanda hizi tumezoea kuzichanganya. Kwenye mazungumzo lafudhi yako haina shida mradi unaeleweka, lakini kwenye kusikiliza, neno likikosewa herufi halina alama. Dawa yake ni imla: mmoja anasoma majina na namba za simu, mwenzake anaandika, kila jioni, hata kwa dakika kumi. Haina gharama yoyote.

Kuandika nako ni mazoezi. Kazi ni mbili ndani ya saa moja. Ya kwanza, kwa wanaokwenda vyuoni na kwa wauguzi hawa, ni kueleza chati au mchoro kwa maneno yasiyopungua 150. Ya pili ni hoja ya maneno yasiyopungua 250, nayo ina uzito mara mbili. Chati tunachora wenyewe: bei ya gunia la viazi Januari hadi Desemba, ilipanda lini, ilishuka lini. Kila mmoja anaandika yake huku saa iko mezani.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu anayeanguka hulipa sana. Muuguzi anayetaka kusajiliwa Uingereza kwa mtihani huu anatakiwa apate alama 7 kati ya 9 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Akipungukiwa nusu alama, ada ya mtihani, ambayo ni mamia ya maelfu ya shilingi, imekwenda. Kama alifanyia Dar es Salaam, basi la zaidi ya kilomita 800 na malazi navyo vimekwenda. Wazazi wengine huuza ng'ombe kwa ajili hiyo.

Ninawaomba wenye steshenari na vituo vya tuisheni waache kuuza majibu. Wauze karatasi za mazoezi na muda wa mwalimu, wateja hawatakosekana. Maktaba yetu ya mkoa nayo itutengee kona yenye spika jioni, baada ya saa za kazi, ili muuguzi anayetoka zamu apate pa kusikilizia pasipo kelele za bodaboda. Na wahadhiri wa vyuo vyetu hapa mjini waliosoma ng'ambo, ambao baadhi yao walifanya mitihani ya namna hii, waje walau Jumamosi moja kwa mwezi wakae kwenye kiti cha mtahini, maana vijana wakizoea kuulizwa na mimi peke yangu haitoshi.

Mimi niko tayari kujitolea Jumatano na Ijumaa kuanzia saa kumi na moja jioni, chumba kikipatikana.

Mwalimu mstaafu,
Uyole, Mbeya